Vifuu vya Usingizi

Mwezi uliopita fundi aliyekuja kubadilisha paa la nyumba ya mama, Temeke, aliteremka ngazini akiwa na mwanzi mkononi. Aliukuta umechomekwa kati ya boriti na yale madebe yaliyopondwa ambayo baba aliezekea zamani. Ulikuwa mrefu kuliko mtu, umekauka, na nchani umezungushiwa kitambaa cha kaniki mara nyingi na kukazwa kwa ukambaa. Fundi ni kijana bado. Aliutazama juu na chini, akauliza, "Mama, huu wa kuangulia mapapai?"

Nikamwambia hapana.

"Wa kufukuzia popo basi."

Nikamwambia auegemeze ukutani taratibu, asiuangushe. Sikumweleza zaidi, maana ningemchelewesha. Alipoondoka nilikishika kile kitambaa nikakinusa. Kilikuwa bado na harufu ya moshi wa kibatari, na harufu hiyo ilinirudisha mahali ambapo sikuwa nimefika kwa miaka mingi.

Mimi sikupelekwa shule. Kusoma nilijifunza ukubwani, herufi moja moja, kwa kurasa za magazeti ambazo wauza duka walifungia sukari, na tangu hapo nina tabia ya kutaka kulijua jambo kwa mpangilio, tangu mwanzo wake. Siku hizi na mimi kuna usiku ninaokosa usingizi, kwa hiyo nimesoma nilichoweza kupata kuhusu tatizo hilo. Nimeambiwa niache chai jioni, nisilale mchana, nisiende kitandani na mawazo. Yote ni maneno mazuri. Hakuna kitabu hata kimoja kilichosema lolote kuhusu vifuu vya nazi.

Wa rika langu wanaikumbuka Temeke ile. Nyumba za udongo na makuti, njia za mchanga, mikorosho katikati ya nyumba na nyumba. Mtaa wetu ulikuwa na wanaume wengi waliofanya kazi bandarini. Walikwenda kwa miguu, kupitia Keko, na iliwapasa wafike langoni kabla hakujapambazuka, kwa sababu watu wa kupakua meli walichaguliwa mapema, na aliyechelewa alikuta lango limefungwa. Jogoo wa mtaa hawakuaminika. Waliwika walivyotaka, hata mwezi ukiwa mkubwa. Saa ya ukutani hakuwa nayo mtu. Saa ilikuwa mama yangu.

Mama alikuwa halali. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo mtaa ulivyosema: "Mama fulani halali." Baba alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja kule Uzunguni, akilala hukohuko kwenye vyumba vya watumishi, nasi tulimwona Jumapili tu. Nyumbani tulikuwa wawili, mama na mimi, katika kitanda kimoja cha kamba. Nililala nikimwacha ameketi ukingoni mwa kitanda, na nilipoamka nilimkuta ameketi palepale, kana kwamba usiku mzima ulikuwa kufumba na kufumbua.

Mchana ndio nilioufahamu vizuri. Mama alitia chumvi kwenye mchuzi, akageuka, akatia tena. Alianza kuniambia jambo, akafika katikati, akanitazama kama anayengoja mimi nilimalizie. Jua lilimuumiza macho, kwa hiyo alijifunika khanga usoni hata uani. Siku moja akimenya mbaazi alisimama na ganda moja mkononi, mkono ukiwa hewani, macho wazi, na nzi akatua kwenye kidole chake, akatembea mpaka kwenye kucha, akaruka, mama asitikisike. Nilipomgusa alishtuka akamwaga ungo wote. Kisimani wanawake walizoea kumshika kiuno anapoinama kuvuta ndoo. 

Alikuwa amejaribu dawa. Alioga majani, alikunywa kombe la zafarani aliloandikiwa na mwalimu wa chuo cha Kurani, na baba alileta vidonge viwili alivyopewa na bwana wake, vikamfanya apepesuke siku mbili bila kumpatia hata lepe la usingizi. Nilisikia hayo yote lakini sikuyatia maanani. Kwangu mimi, mama kutolala ilikuwa tabia yake, kama Bi. Mwanahawa alivyokuwa na tabia ya kutafuna tambuu.

Bi. Mwanahawa ndiye jirani yetu wa mlango wa pili, mjane, mwenye nyumba ya vyumba vitatu aliyopangisha kimoja. Habari za jinsi mama alivyoanza kuamsha watu nilizipata kwake miaka mingi baadaye. Mama, akikosa usingizi, alizoea kutoka nje kutembea, huku na huku, gizani. Mwanamke anayetembea usiku wa manane bila sababu, watu wana neno lake. Maneno yalishaanza: kwamba huyu ni mwanga, kwamba ameonekana karibu na mlango wa fulani. Bi. Mwanahawa alisikia, akaenda kwa mama na kibatari na mwanzi.

"Wanga hawatembei na taa," alimwambia. "Shika hii. Na kwa kuwa uko macho, wagongee hawa wanaume madirishani wakati wao ukifika. Mtu akikuona usiku, ajue unakwenda wapi."

Kitambaa kilifungwa nchani ili mwanzi ugonge bila kuamsha watoto. Mama aliujua wakati kwa njia zake: kimya cha mbwa, umande kwenye majani ya mgomba, nyota fulani iliyopanda juu ya mkorosho wetu. Hakukosea. Kabla mwezi haujaisha, mtaa ulisahau habari za wanga na kumwombea mama maisha marefu.

Ukaja utaratibu. Kwa kuwa meli hazikuingia kila siku, na kuna siku mtu alikuwa mgonjwa au hana zamu, kila aliyetaka kuamshwa aliweka kifuu cha nazi barazani kabla ya kulala. Kifuu kikikaa chali, mdomo juu: niamshe. Kikikaa kifudifudi: niache. Kulikuwa na vifuu saba. Sheria ilikuwa ngumu, maana siku moja mama alimgongea mtu ambaye kifuu chake kilikuwa kifudifudi, akidhani amesahau, kumbe alikuwa ametoka kwenye homa na ndio kwanza amepitiwa na usingizi. Mkewe alilalamika mtaa mzima. Tangu hapo kifuu kifudifudi hakikugongewa, hata iweje.

Mtu aliyemsumbua zaidi alikuwa Maganga, mpangaji wa Bi. Mwanahawa. Maganga alikuwa Mnyamwezi, mrefu, mwenye mabega kama mlango, na mpenzi wa tembo la mnazi. Mwanzi haukumtosha. Lakini Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na mama alikuwa Mzaramo, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kumwamsha kwa matusi. Mara chache nilizoshtuka usiku nilizisikia sauti zao zikipita ukutani.

"Maganga! Pagazi wangu! Amka, mizigo inakulilia!"

"Niache, mcheza ngoma wewe. Nyie mnajua kazi gani?"

"Kazi yetu ni kuwatuma nyie. Inuka, au nikumwagie maji?"

"Mwaga. Mzaramo na maji, wapi na wapi? Unayaogopa hata ya kuoga."

Kisha mlango ulilia, na mama alisogea kwenye dirisha linalofuata akicheka peke yake kidogo. Ndicho kicheko pekee nilichokijua kwake wakati ule.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Umri wangu ulikuwa wa kupoteza meno ya mbele. Nilijua kwamba mama aliamsha watu. Vifuu pia niliviona kila jioni, vimepangwa kwenye baraza saba, lakini hakuna aliyewahi kuniambia mambo hayo mawili yanahusiana. Watu wazima hawaelezi kitu kinachojulikana na kila mtu. Jioni moja nilimkuta Bi. Mwanahawa akiweka kifuu cha Maganga, nikamwuliza ni cha nini.

Alikuwa na tambuu mdomoni na haraka ya sala ya magharibi. Akasema, "Cha kuwekea usingizi wa mama yako, mjukuu wangu. Si kaugawa mtaa mzima?"

Akacheka, akaingia ndani.

Nilibaki nikikitazama kile kifuu. Siku za mvua, nyumba zote ziliweka sufuria na madebe chini ya paa kukinga maji. Kifuu kilikaa vilevile, mdomo juu, kikingoja. Ghafla kila kitu kikaeleweka. Wale watu walilala fofofo, mpaka wagongewe kwa mwanzi, mpaka watukanwe. Mama hakulala kabisa. Usingizi wake ulitoka usiku, ukaenda nje, ukaingia kwenye vifuu vya watu, kwa kuwa walivikinga na sisi hatukukinga. Maganga ndiye aliyepata mwingi zaidi. Kifuu chake kilikuwa kikubwa. Niliona ni dhuluma. Sikuona haja ya kumwuliza mtu mwingine, maana jibu nilishapewa.

Siku mbili nilifikiri la kufanya. Kuviiba niliogopa. Mwisho niliona njia rahisi: chombo kilichofunikwa hakikingi kitu. Siku ya tatu, giza lilipoingia na watu wako kwenye chakula, nilipita baraza moja baada ya nyingine kama mtoto anayecheza, nikavifunika vyote saba, kifudifudi. Cha Maganga nilikikandamiza kidogo kwenye udongo, usingizi usije ukapenya chini.

Yaliyotokea usiku huo mama alinisimulia nikiwa tayari nina watoto wangu. Alitoka saa yake na mwanzi na kibatari. Kifuu cha kwanza kifudifudi. Cha pili kifudifudi. Alipofika cha nne alidhani meli hazijaingia na watu wameambiana. Kwa Maganga alisimama muda mrefu, kwa sababu Maganga hata siku ya mapumziko alikuwa hakumbuki kukigeuza. Aliinua mwanzi. Akakumbuka yule mwenye homa na maneno ya mkewe. Akaushusha. Alirudi nyumbani, akauegemeza mwanzi, akazima kibatari, akaketi ukingoni mwa kitanda kama kawaida.

"Nikawa sina pa kwenda," aliniambia. "Tangu nianze kazi ile, hapakuwa na usiku ambao hakuna anayenitegemea. Nikasema nijinyooshe mgongo."

Nilipoamka, miale ya jua ilikuwa imeshapenya matundu ya ukuta na kufika sakafuni. Mama alikuwa amelala kando yangu, mdomo wazi, mkono mmoja umening'inia. Alikuwa anakoroma taratibu, kama paka. Sikukumbuka kuwahi kumwona hivyo. Nilimtazama kwa furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri hata leo. Nilikuwa nimekisia jambo, nikalijaribu, na likawa kweli.

Halafu nikasikia kelele kwa Bi. Mwanahawa.

"Leo mtu atanieleza!" Ilikuwa sauti ya Maganga. "Jua liko wapi? Jua limepanda, na mimi niko kitandani kama bwana harusi!"

"Usinipigie kelele mie," alijibu Bi. Mwanahawa. "Kifuu chako kilikuwa kifudifudi. Nimekiona mwenyewe nilipotoka kutawadha, nikajua huendi."

"Umekiweka wewe!"

"Nimekiweka chali, kwa mkono wangu huu. Kisha wewe umerudi usiku na tembo lako, ukakipiga teke."

"Jana sikunywa hata tone!"

"Ndiyo maana umelala sana. Mwili umeshangaa."

Wengine walikuwa wameshatoka nje. Kila mmoja aliapa kwamba kifuu chake alikiweka chali, na kila mmoja alikikuta kifudifudi. Watatu walikuwa wameamka wenyewe wakawahi. Waliobaki walikuwa wanne, na aliyekasirika zaidi baada ya Maganga alikuwa Salehe, mtu mfupi wa nyumba ya mwisho.

"Aulizwe mwenyewe," Salehe alisema. "Mwenye mwanzi si yuko? Twendeni."

Nilisikia miguu ikija. Nilitoka kitandani bila kumtikisa mama, nikasimama mlangoni na kutanua mikono nikashika miimo yote miwili.

"Shikamooni," nikasema. "Mama amelala."

Salehe hakusikia, au hakuelewa. "Mwite mama yako."

"Amelala."

"Amelala nani?" akauliza Maganga.

"Mama."

Maganga aliinama, akachungulia juu ya kichwa changu. Nilisikia pumzi yake ikisimama. Alipoinuka alikuwa ameweka kidole mdomoni, na kwa mkono wa pili alikuwa anawasukuma wenzake nyuma, mpaka chini ya mkorosho.

Ugomvi haukwisha, ila uliendelea kwa kunong'ona. Sijaona tena kitu kama kile: wanaume wanne wenye hasira, mishipa imewatoka shingoni, na sauti hakuna.

"Mwamsheni," alinong'ona Salehe. "Tumepoteza siku!"

"Mwamshe wewe, uone nitakavyokufanya," Maganga akajibu.

"Wewe ndiye wa kusema hivyo? Si ndiye uliyeambiwa ukichelewa tena usirudi?"

"Najua nilichoambiwa. Punguza sauti."

Hapo ndipo niliposikia habari hiyo mara ya kwanza, na mtaa nao. Msimamizi wa genge lao alikuwa amemwambia Maganga, mbele ya watu, kwamba akikosa lango mara moja tu zaidi, kipande chake, kadi yake ya kazi, kitachukuliwa na namba yake atapewa mwingine. Alikuwa amekwisha kuchelewa mara mbili, kabla mama hajaanza kumgongea.

Maganga alikuja akachuchumaa mbele yangu. "Mtani mdogo," akasema, "jana jioni nani alipita kwenye hizi baraza?"

"Mimi."

"Ukafanya nini?"

"Nimevifunika vifuu."

"Kwa nini?"

"Mlikuwa mnakinga usingizi wa mama. Nimevifunika ili ubaki nyumbani." Nikafikiri kidogo, nikaona ni haki kumpa na ushahidi. "Na umebaki."

Hakuna aliyecheka. Bi. Mwanahawa, ambaye alikuwa amefika na kusimama nyuma yao, alijiziba mdomo kwa ncha ya khanga.

"Mie ndiye niliyemwambia," alisema polepole. "Mie na mdomo wangu."

Maganga akainuka, akafunga shuka yake vizuri, akaondoka kwa mbio kuelekea Keko. Wengine walimfuata.

Adhuhuri Maganga alirudi peke yake, akitembea. Aliketi kwenye baraza yetu, mikono juu ya magoti. Bi. Mwanahawa alimletea maji, akamtazama usoni, akachukua kikombe kikiwa tupu. Nilikuwa nimekaa kizingitini tangu asubuhi nikilinda mlango, na wakati huo ndipo nilipoanza kuhisi kwamba nilichokifanya kilikuwa na upande wa pili.

Mama aliamka wakati huo. Nilisikia kamba za kitanda zikilia, kisha kimya, kisha miguu yake. Alitokea mlangoni nywele zimevurugika, alama za kamba shavuni, akakiona kivuli cha mkorosho kilivyokuwa kifupi. Jambo la kwanza aliloliuliza lilikuwa hili:

"Nani amekufa?"

Lazima niseme hapa jambo ambalo wakati ule nililijua na sikulijua. Mwaka mmoja kabla yake nilikuwa na mdogo wangu wa kiume, wa miezi minne. Usiku mmoja mama alilala vizuri, kwa kuwa mtoto hakulia. Alifurahi alipoamka na kukuta kumekucha. Kisha akamgusa mtoto. Mimi nilipelekwa kwa Bi. Mwanahawa, nikaambiwa mdogo wangu amesafiri, nikaridhika. Maganga alikuwa mpangaji mpya tu wakati huo, lakini mtani ana kazi yake msibani, na yeye ndiye aliyechimba kaburi lile dogo. Baadaye aliketi mbele ya mama akakataa kuondoka, akamtukana, akamwita kila jina, mpaka mama akala matonge matatu. Tangu siku hiyo mama hakulala tena. Watu walidhani usingizi umemkimbia. Nadhani mama ndiye aliyeukimbia.

"Hajafa mtu," Bi. Mwanahawa alijibu.

"Basi kuna nini? Maganga anafanya nini hapa saa hizi?"

Walimweleza. Bi. Mwanahawa alijilaumu yeye, akanitetea mimi, akazunguka, lakini habari ilifika: vifuu vilifunikwa, wanaume hawakuamshwa, Maganga hana kazi. Mama alisikiliza akiwa amesimama. Kisha akaketi chini, pale mchangani, miguu ameinyoosha mbele, kama wafiwa wanavyoketi.

"Nimelala tena," alisema. Hakulia. Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa. "Mara mbili nimelala. Mara mbili. Sitalala mimi."

Mtu mwingine yeyote angesema pole. Ndugu angesema ni kazi ya Mungu. Ni mtani tu mwenye ruhusa ya kugusa mahali kama pale.

Maganga alisimama, akaja mbele yake, akamnyooshea mkono usoni.

"Shika."

"Niache, Maganga."

"Shika, mcheza ngoma wewe. Umelala mpaka adhuhuri. Mimi nimefukuzwa. Haya, nimekufa? Shika uniambie: wa moto au wa baridi?"

Mama aligeuza uso. Maganga hakuondoa mkono. Mwisho mama aliushika.

"Wa moto," akasema.

Maganga akanivuta mimi, akanisogeza mbele. "Na huyu?"

Mama alinishika shavu. "Wa moto."

"Na Bi. Mwanahawa... huyo usimshike, huyo alikufa zamani, anangoja wa kumwambia."

"Mwanaharamu mkubwa!" Bi. Mwanahawa akapiga kelele. "Kesho unahama kwangu!"

Mama alicheka. Kilikuwa kicheko kilekile cha usiku cha dirishani, ila safari hii hakikukatika, kiliendelea mpaka kikageuka kilio, na Bi. Mwanahawa akaketi mchangani karibu naye akamshika kichwa. Maganga alikuwa bado amesimama.

"Umelala, na sie tupo," alisema. "Hilo tu, mtani."

Ningependa kuandika kwamba Maganga alipata kazi nzuri kuliko ile. Hakupata. Alikaa wiki kadhaa akila kwetu na kwa Bi. Mwanahawa, asiende popote, kisha akaenda Kunduchi kuvunja mawe ya chokaa, ambako watu walianza kazi jua likishatoka. Alikuwa akija kututembelea na vumbi jeupe kwenye kope, na mikono yake iliharibika, ngozi ikapasuka kwenye viungo vya vidole. Siku moja, nikiwa msichana mkubwa, nilimwomba radhi. Aliniambia, "Pagazi ni pagazi, mtani mdogo. Mzigo ni uleule, nimebadilisha bega." Mama yangu aliyasikia hayo, na hakucheka. Mimi pia mpaka leo siyachukulii kama mzaha mtupu.

Wala mama hakupona. Vifuu vilirudi baadaye, si vyote, na si kila siku, naye aliushika tena mwanzi wake miaka mingine kadhaa, mpaka watu walipoanza kununua saa. Lakini kulikuwa na siku alizoamka na alama za kamba shavuni, na siku hizo chumvi haikuzidi.

Nirudi kwenye jioni ya siku ile, maana hapo ndipo nilipofikishwa na harufu ya kitambaa. Jua lilipozama nilipita kwenye baraza zote. Sikugusa kitu, niliangalia tu. Vifuu saba, vyote kifudifudi. Salehe alikuwa amekubaliana na wenzake kwamba watagongeana wenyewe, nyumba hadi nyumba, kwa zamu. Cha Maganga nacho kilikuwa kimefunikwa. Hakuwa tena na pa kuamkia.

Usiku nilishtuka. Mama alikuwa amewasha kibatari na ameshika mwanzi. Mwili ulikuwa umejiamsha kwa mazoea. Alitoka. Nilimsikia akipita polepole, baraza moja, nyingine, bila kugonga. Alirudi mapema. Aliuchomeka mwanzi juu, chini ya madebe, akazima taa, na moshi wake ukajaa chumbani.

"Vyote vimefunikwa," alisema gizani, kama aliyejua kwamba nasikia.

Alilala chali kando yangu. Kamba zikalia, zikatulia.

"Umelala?" akaniuliza.

"Nimelala."

Nilisikia tumbo lake likitikisika kwa kicheko. Aliutafuta mkono wangu, akaushika kiganjani, akaubonyeza kidogo kama anayepima joto lake, na hakuuachia. Niliazimia kukaa macho mpaka nisikie anakoroma, ili asubuhi nimpelekee Bi. Mwanahawa habari ya uhakika. Nilihesabu pumzi zake. Nilifika kumi na kitu.

Kama alilala usiku ule, sijui mpaka leo. Nilitangulia mimi.